Figo za mgonjwa mahututi: namna ya kujua mapema kwamba zitazidi kuumia

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Songwe na Rukwa hadi Njombe, Iringa na Ruvuma. Wengi wanaolazwa ICU yake, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, wamepitia kwanza hospitali nyingine: Chimala, Ilembula, Ikonda, Kyela, Makandana pale Tukuyu. Mgonjwa aliyeko Makete au Ludewa ambaye figo zake zimeanza kuumia leo anahitaji mtu wa kukadiria leo kama keshokutwa atahitaji kusafishwa damu. Mashine hazipo kila hospitali, barabara za milimani ni ndefu, na mgonjwa mwenye potasiamu ya 7 kwenye damu, kiwango kinachohatarisha moyo, hasafirishiki kirahisi. Kwetu, kutabiri ni kuamua mapema nani asafirishwe akiwa bado ana uwezo wa kufika.

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wanaohudumia wagonjwa mahututi, kuanzia hospitali ya wilaya hadi ya kanda. Naamini kabisa kwamba mkojo uliopimwa kila saa na kuandikwa vizuri ndio utabiri wa kwanza tulio nao, na haumgharimu ndugu wa mgonjwa hata shilingi. Vipimo vingine vyote vinakuja kuuthibitisha au kuurekebisha.

Kuanzia mwanzo hadi mwisho nitatumia mfano mmoja wa kubuni: mama wa miaka 28, kilo 60, aliyejifungua kwa upasuaji Mbarali, akapata maambukizi ya kizazi yaliyoingia kwenye damu, na sasa yuko ICU kwa dawa ya kupandisha presha (noradrenalini).

1. Jua yuko daraja gani sasa

Huwezi kusema mgonjwa atafika wapi kama hujui yuko wapi. Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, wa mwaka 2012 unagawa kuumia kwa figo kwa ghafla katika madaraja matatu. Daraja la 1 ni kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) iliyopanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, au iliyofika mara 1.5 hadi 1.9 ya kiwango chake cha awali ndani ya siku 7. Kwa mkojo, ni chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, kwa muda wa saa 6 hadi 12. Daraja la 2 ni mara 2 hadi 2.9, au mkojo mchache kiasi hicho kwa saa 12 na zaidi. Daraja la 3 ni mara 3 na kuendelea, au kreatinini ya 353.6 na kuendelea, au mgonjwa kuanza kusafishwa damu. Kwa mkojo ni chini ya mililita 0.3 kwa kilo kwa saa kwa saa 24, au kutopata mkojo kabisa kwa saa 12.

Mkojo na kreatinini vikitofautiana, chukua daraja lililo baya zaidi. Wapo wanaoangalia kreatinini peke yake kwa sababu inakuja kwenye karatasi ya maabara na ina sura ya kipimo cha kweli. Hilo linamchelewesha mgonjwa kwa saa nyingi, maana kreatinini hupanda baada ya figo kuwa zimeshaumia.

2. Itafute kreatinini ya zamani

Uliza ndugu wamekuja na nini. Kadi ya CTC (kliniki ya VVU), daftari la kliniki ya presha au ya kisukari, karatasi za hospitali iliyomtuma: humo mara nyingi mna kipimo cha miezi michache iliyopita. Mpigie simu mwenzako wa hospitali iliyotoa rufaa. Dakika tano za simu zinaweza kukuokoa na makosa ya siku nzima. Ukikosa kabisa, chukua kiwango cha chini kuliko vyote alivyopata tangu alazwe, na uandike kwamba ni makadirio.

Kwa mjamzito au aliyetoka kujifungua, kuwa mwangalifu zaidi. Ujauzito hushusha kreatinini, hivyo 90 ambayo maabara inaiita ya kawaida inaweza kuwa tayari imepanda sana kwake. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyekonda sana: misuli michache hutoa kreatinini kidogo, na figo zinaweza kuharibika huku karatasi ikionesha namba ya kutuliza moyo.

Kama kuna ultrasaundi, angalia ukubwa wa figo. Figo zilizosinyaa chini ya sentimita 9 kwa mtu mzima zinaelekeza kwenye ugonjwa wa siku nyingi. Mgonjwa wa namna hiyo ana akiba ndogo, na pigo dogo tu humpeleka daraja la 3.

3. Pima mkojo kila saa

Hapa ndipo nataka tukae.

Mgonjwa yeyote mahututi mwenye sepsisi (maambukizi makali yanayoumiza viungo vya mwili), aliyevuja damu nyingi, mwenye malaria kali, aliyepondwa kwenye ajali au aliyepata kifafa cha mimba awekewe mpira wa mkojo na apimwe kila saa. Kama huna mfuko wenye kipimio cha saa, fungua mfuko wa kawaida kila saa kwenye jagi lenye alama, au tumia bomba la sindano la mililita 50. Usikadirie kwa macho kwenye mfuko wa lita mbili. Ule mfuko ukilala upande husoma chochote.

Uzito ujulikane. Kama kitanda hakina mizani, waulize ndugu, kadiria kwa urefu, kisha uandike namba moja ambayo zamu zote zitaitumia. Kwa mama yetu wa kilo 60, mstari wa hatari ni mililita 30 kwa saa. Mstari wa pili, ule wa 0.3, ni mililita 18. Andika namba hizi mbili juu kabisa ya chati, kwa kalamu nyekundu, ili muuguzi wa zamu ya usiku asianze kupiga hesabu saa 9 za usiku akiwa na wagonjwa sita.

Kila baada ya saa 6, jumlisha. Saa moja yenye mililita 20 haina maana kubwa. Saa 6 mfululizo zenye jumla chini ya 180 zina maana. Mama yetu, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, ametoa mililita 300. Hiyo ni 25 kwa saa, sawa na mililita 0.42 kwa kilo, kwa saa 12 kamili. Kwa mkojo peke yake, yuko daraja la 2, hata kama kreatinini bado haijarudi kutoka maabara.

Kabla ya kupiga simu, hakikisha mpira haujajikunja wala kuziba. Papasa kibofu, usafishe mpira kwa maji safi ya dripu kama una shaka. Kwa wanaume wazee wafikirie tezi dume, na kwa wanawake saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hubana mirija ya mkojo na kuziba figo zote mbili kimyakimya. Kuziba kunatibika, na kukigundulika mapema utabiri wote hubadilika.

Simu iwe hivi: "Shikamoo dokta. Mama wa kitanda cha 4, kilo 60. Tangu saa 12 asubuhi ametoa mkojo mililita 300 tu. Mpira nimeukagua, haujaziba. Presha ya wastani ni 68 akiwa kwenye noradrenalini, na maji yaliyoingia yamezidi yaliyotoka kwa lita 5. Naomba uje umwone sasa." Daktari akisikia hivyo hana sababu ya kusema tusubiri raundi ya asubuhi.

4. Soma kreatinini kwa akili

Pima angalau mara moja kwa siku, na kila baada ya saa 12 kwa mgonjwa unayemhofia kama uwezo upo. Kinachotabiri ni kasi ya kupanda. Iliyotoka 70 ikafika 128 ndani ya saa 24 inatisha kuliko iliyokaa 160 kwa siku tatu.

Kuna mambo matatu yanayodanganya sana huku kwetu.

La kwanza ni maji. Mgonjwa aliyemiminiwa dripu nyingi, kreatinini yake imezimuliwa. Rekebisha hivi: zidisha uzito kwa 0.6 upate lita za maji mwilini, gawanya lita za ziada kwa namba hiyo, ongeza 1, kisha zidisha kwa kreatinini. Mama yetu, ambaye kreatinini yake imetoka 70 ikafika 128, ana lita 36 za maji mwilini na lita 5 za ziada. 5 kwa 36 ni 0.139, mara 1.139 ya 128 ni karibu 146. Kutoka 70, kreatinini ya 128 ilikuwa mara 1.8, daraja la 1. Ile ya 146 ni mara 2.1, daraja la 2. Sasa kreatinini na mkojo vinasema jambo moja, na mgonjwa anayetimiza vigezo vyote viwili ana hali mbaya kuliko anayetimiza kimoja.

La pili ni dawa za VVU. Nyanda za Juu Kusini ndizo zenye maambukizi mengi kuliko kanda nyingine nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa hiyo wagonjwa wetu wengi wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegravia na tenofovia, na baadhi wanakunywa septrini. Dolutegravia na ile trimethoprimu iliyomo kwenye septrini huzuia figo kutoa sehemu ya kreatinini bila kupunguza kazi yao halisi ya kuchuja. Namba hupanda kidogo katika wiki za mwanzo, halafu inatulia. Mtu aliyeanza dawa mwezi uliopita, mkojo wake mzuri, kreatinini yake imetoka 75 ikawa 88, hana la kuogopesha. Ila usitumie maelezo haya kujifariji: tenofovia yenyewe inaweza kuumiza mirija ya figo, na trimethoprimu hupandisha potasiamu kweli.

La tatu ni maabara yenyewe. Mashine nyingi hutumia njia ya Jaffe, inayosoma kreatinini kwa kubadilika kwa rangi, na mgonjwa mwenye manjano kali anaweza kupewa kreatinini ya chini kuliko ilivyo. Mwenye asidi ya ketoni za kisukari hupewa ya juu.

5. Ondoa kinachoondoleka, kisha tazama tena

Figo zilizokosa damu kwa muda mfupi, mzunguko wa damu ukirudi, hupona haraka. Figo zilizokwishaumia hazirudi kwa maji. Kutofautisha hizi mbili ndiyo nusu ya utabiri.

Piga hesabu ya presha ya wastani: ya juu, jumlisha ya chini mara mbili, gawanya kwa 3. Presha ya 88/52 ni 64, chini kidogo ya lengo la 65. Kama mgonjwa amekauka, mpe dripu ya Ringa kwa vipimo, mililita 250 hadi 500, na umpime upya kila mara: mapafu, mapigo, mkojo. Usimimine tu. Utafiti uliofanyika Lusaka na kuchapishwa 2017 uliwapa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini maji mengi kwa haraka, na waliokufa hospitalini walikuwa asilimia 48.1, dhidi ya 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wengi wao walikuwa na VVU. Hao ni wagonjwa wanaofanana na wetu kuliko wale wa vitabu vya Ulaya, na matokeo hayo yanapaswa kutuongoza kila tunapofungua dripu.

Pitia karatasi ya dawa, utafute zinazoumiza figo. Simamisha diklofenaki, na usikubali irudi kwa jina la dawa ya maumivu ya mshono. Jentamisini ibadilishwe kama ipo mbadala. Vankomisini na amfoterisini zipimwe faida yake upya. Waulize ndugu kuhusu dawa za kienyeji, kwa heshima na bila kulaumu. Mtu akihisi anahukumiwa atakuficha, na wewe ndiye utakayekosa taarifa. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, haiponyi figo, na dopamini ya dozi ndogo haizilindi.

Kisha subiri saa 6 hadi 12 ukiwa umesahihisha yote hayo. Mkojo ukirudi juu ya mstari na kreatinini ikaacha kupanda, uwezekano ni mkubwa kwamba atapona bila mashine. Kuumia kunakoendelea kupita saa 48 ndiko kunakoitwa kwa kudumu, na huko ndiko kunakoelekea daraja la 3.

Wakati unasubiri, peleka mkojo kwa darubini. Punje za kahawia zenye umbo la mirija, pamoja na chembe za utando wa ndani wa mirija ya figo, zikiwa nyingi zinaashiria kwamba mirija imekufa sehemu, na kwamba hali inaweza kuzidi. Inahitaji mkojo mbichi na mtu wa maabara aliyeambiwa anatafuta nini. Ni kipimo tunachokidharau bila sababu, wakati darubini ipo karibu kila hospitali ya wilaya.

6. Mtihani wa furosemaidi

Huu ndio mtihani ninaoupenda kwa mazingira yetu, kwa sababu dawa yake iko kila mahali na jibu linakuja ndani ya saa 2. Ulielezwa na Chawla na wenzake mwaka 2013, kwa wagonjwa 77 wa daraja la 1 na la 2.

Masharti kwanza. Mgonjwa asiwe amekauka, presha iwe imetulia, na kuziba kwa njia ya mkojo kuwe kumeondolewa kwenye hesabu. Ni uamuzi wa daktari. Ukimpa mtu aliyekauka unamwongezea madhara, na jibu utakalopata halina maana.

Dozi ni miligramu 1 kwa kilo kwa mshipa kama hajapata furosemaidi ndani ya siku 7 zilizopita, na 1.5 kwa kilo kama amepata. Mama yetu wa kilo 60 anapata miligramu 60, yaani vichupa vitatu vya miligramu 20. Mwaga mkojo wote uliomo mfukoni, andika saa, kisha pima kwa saa 2. Isipokuwa mgonjwa ana maji ya ziada unayotaka yapungue, mrudishie kwa dripu kiasi kile kile anachokojoa.

Mkojo ukiwa chini ya mililita 200 kwa saa hizo 2, hatari ya kufika daraja la 3 ni kubwa. Katika utafiti ule, kipimo hiki kiliwanasa takriban 87 kati ya 100 ya waliozidi kuumia, na kuwatambua 84 kati ya 100 ya wasiozidi. Wagonjwa 77 ni wachache, na hawakutoka kwetu, kwa hiyo lichukue jibu kama ushahidi mmoja pamoja na mingine. Mama yetu anatoa mililita 110. Ukijumlisha na mkojo wa saa 12, kreatinini iliyorekebishwa, sepsisi na dawa ya presha, sitasubiri tena kipimo kingine.

7. Andika utabiri kwenye faili, pamoja na saa

Utabiri usioandikwa haumfikii wa zamu inayofuata. Andika kwa sentensi kamili: "Saa 2 usiku. Daraja la 2, linazidi. Hajajibu furosemaidi. Natarajia daraja la 3 ndani ya siku 1 hadi 3. Potasiamu na kreatinini zirudiwe saa 8 usiku. Timu ya figo imepigiwa simu." Kila dawa inayotolewa na figo ipangwe dozi upya.

Kutabiri kwamba atazidi si sawa na kumwanzishia mashine leo. Utafiti wa AKIKI wa Ufaransa, 2016, ulionesha kwamba waliosubirishwa hadi dalili za lazima zitokee hawakufa zaidi ya walioanzishiwa mapema, na karibu nusu yao hawakuhitaji mashine kabisa. STARRT-AKI ya 2020, yenye wagonjwa karibu 3,000, ililikuta jambo hilo hilo. Sababu za lazima ni zile zile: potasiamu isiyoshuka kwa dawa, asidi kali, maji kwenye mapafu yasiyotoka, na sumu za figo kuathiri ubongo au utando wa moyo.

Ila tafiti hizo zilifanyika mahali ambapo mashine iko jengo lilelile. Kama uko Ludewa, maana yake kwako ni tofauti: anayeanzishiwa mashine anaweza kusubiri, lakini anayepaswa kusafirishwa asisubiri. Msafirishe akiwa daraja la 2 linalozidi, potasiamu yake ikiwa bado 5.5.

Ikiwa imeshapita 6.5, au umeme wa moyo umebadilika, mtibu kwanza: kalsiamu glukoneti kwa mshipa kulinda moyo, kisha insulini uniti 10 pamoja na glukosi gramu 25. Pima sukari kila saa kwa saa 6, maana insulini hukaa muda mrefu kwa mwenye figo dhaifu. Kinga ya kalsiamu haizidi saa moja hivi, kwa hiyo dozi nyingine iwe ndani ya gari, na anayesindikiza ajue kuitumia.

Pasipo mashine, kusafisha damu kwa njia ya tumbo ni tiba kamili kwa figo zilizoumia ghafla. Hospitali ya KCMC pale Moshi walionesha kwamba inawezekana Tanzania. Ningependa kuiona njia hii katika hospitali nyingi zaidi za kusini.

8. Kompyuta na vipimo vipya

Viashiria vya mkojo kama TIMP-2 na IGFBP7, vinavyouzwa kwa jina la NephroCheck, na CCL14 inayolenga kuumia kwa kudumu, ni vya kweli, lakini havimo kwenye maabara zetu za kawaida.

Kuhusu programu za kutabiri: mwaka 2019 kampuni ya DeepMind ilitangaza programu iliyotabiri hadi saa 48 kabla asilimia 55.8 ya matukio yote ya figo kuumia kwa waliolazwa, na asilimia 90.2 ya yale yaliyoishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa kila onyo la kweli kulikuwa na mawili ya uongo. Ilifundishwa kwa kumbukumbu za maveterani wa jeshi la Marekani, wanawake wakiwa takriban 6 tu kati ya 100. Mama yetu wa Mbarali hayumo humo, na malaria haimo. Mtu akikuletea programu ya aina hii, muulize ilijifunza kwa wagonjwa wa wapi na imejaribiwa hapa lini. Na ujue kwamba hata iliyo bora itahitaji mkojo wa kila saa ulioandikwa, kwa hiyo kazi ya hatua ya 3 haipotei.

9. Kinachoandamana na mgonjwa

Gari likiondoka, karatasi iwe na uzito, kreatinini zote na saa zake, mkojo wa kila saa kwa saa 24 zilizopita, jumla ya maji yaliyoingia na kutoka, dawa zilizosimamishwa na jibu la furosemaidi. Piga simu kabla, na uandike jina la aliyepokea. Waeleze ndugu waziwazi: figo zimeumia, zinaweza kupona, huenda akahitaji mashine kwa siku kadhaa, na mtu mmoja aende naye akiwa tayari kuchangia damu.

Akipona na kuruhusiwa, kreatinini na protini kwenye mkojo zipimwe baada ya miezi 3, kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwake. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi anayotembea nayo. Akilazwa tena miaka miwili baadaye, kuna mtu atakuwa anaitafuta.